Kampuni Kumi na Mbili, Mlango Mmoja

Nilifika kwenye matanga ya Mama Katungu siku ya tatu, nikiwa nimechelewa kwa makusudi, na bado nilipewa kiti cha mbele. Binti yake mkubwa, Masika, alinishika mkono akanipitisha katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, huku akiwaambia kwamba huyu ndiye Kahindo, yule aliyepanga kwa mama chumba cha nyuma, yule wa biro, wa kazi ya ofisi. Wakanikunjia miguu nipite. Nilikaa chini ya turubai la bluu, nikapakata mkoba wangu, na sikuuachia hata nilipoletewa chai, kwa sababu ndani yake mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na pesa ya Mama Katungu, pungufu. Nilijua kitakachofuata. Kwa wafanyabiashara hawa wa Butembo, matanga hayaondolewi kabla msemaji wa familia hajasimama kuuliza mizigo ya marehemu iliyo njiani iko kwa nani. Wenye mizigo husimama mmoja mmoja na kusema. Asiyesimama hafuatwi na mtu, maana mengi ya mambo hayo hayaandikwi popote, yanakaa kichwani mwa aliyetoa na aliyepokea. Mzigo uliokuwa kwangu ulijulikana na watu watatu tu: mimi, Amisi dereva aliyekuwa amekaa ng'ambo ya ua pamoja na wanaume, na mwanamke tuliyekuwa tunamlilia. Ningeweza kunywa chai yangu, kuimba pamoja na kwaya, kisha kurudi nyumbani.

Mwaka uliouleta mkoba ule mapajani mwangu nilikuwa na miaka ishirini na minne. Chumba changu pale Katindo, mjini Goma, kilikuwa cha mbao, chenye dirisha moja lililotazama jiko la Mama, kwa hiyo nilijua kinachopikwa kabla sijajua hali ya hewa. Asubuhi nilitembea hadi Himbi, kwenye ofisi ya shirika moja la misaada, ambako kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta majina ya watu waliopokea mablanketi. Nilikuwa mtu wa namna hii, na sijabadilika sana: nikikosea herufi moja kwenye ukurasa wa daftari, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Nilirudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Wakati wa mapumziko ya saa sita, wenzangu walipotoka kutafuta mandazi, mimi nilibaki na intaneti ya ofisi nikijifundisha mambo ya hisa. Hakuna aliyenituma. Watu wengi, nadhani, huanza kununua hisa kwa tamaa. Mimi nilianza kwa hofu. Nilikuwa na akiba kidogo benki, na kila nilipoifikiria niliiona kama yai moja juu ya meza inayoyumba. Nilipokutana kwa mara ya kwanza na ile kanuni ya kutoweka pesa yote kwenye kampuni moja, nilihisi kama nimeandikiwa dawa. Nilifungua akaunti kwa dalali wa hisa wa Nairobi, kwa njia ya simu, na kwa miezi mitatu nikachagua kampuni kumi na mbili: benki, kiwanda cha bia, kiwanda cha saruji, chai, umeme, bima, simu, na nyingine ambazo sasa nikizitaja naona aibu kwa jinsi nilivyozipenda. Nilichora jedwali nikalipaka rangi, kila biashara na rangi yake. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya chumba kile.

Fomu ya dalali ilikuwa na sehemu mbili za akaunti ya benki: moja ya lazima, na nyingine ya hiari, endapo ya kwanza ingepata shida. Ya kwanza niliandika ya benki yangu ya Goma. Ya pili niliiacha wazi. Nilikuwa na kitabu kidogo kwenye koperative moja ya akiba, na ningeweza hata kuvuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, nikafungua akaunti siku ileile, lakini sikutaka. Nilitaka pesa yangu yote iingie na kutoka mahali pamoja, ili taarifa iwe moja, safi, isiyohitaji kujumlishwa na nyingine. Nakumbuka raha niliyoipata nilipoona ule mstari mtupu. Nimeufikiria mstari ule mara nyingi kuliko ninavyowafikiria baadhi ya ndugu zangu.

Mama Katungu alikuwa akileta maharage, unga wa muhogo na mafuta ya mawese kutoka upande wa Butembo. Saa kumi jioni, nikirudi kazini, nilimkuta jikoni kwenye kigoda, miguu imenyooshwa kwa sababu ya magoti, akichagua maharage kwenye ungo na kuongea na simu mbili kwa zamu. Aliniambia nikae nile kabla sijavua viatu. Tulikula bugali na mboga za lenga-lenga, siku nyingine sambaza, wale dagaa wa ziwani, na nilisikiliza. Nilichokisikia mwanzoni kilinikera. Mzigo ambao ungeingia kwenye gari moja aliugawa kwenye magari manne. Gari la kwanza lilipita njia ya Rumangabo, la pili lilizunguka Uganda, la tatu lilingoja wiki moja, la nne lilikuwa la mtu asiyepatana na dereva wa kwanza. Kila gari lilibeba pia mizigo ya wanawake wengine wanne au watano waliofanya vilevile. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha nikamwonyesha kiasi gani angebakiza kila mwezi kama angelipa gari moja tu. Aliitazama ile karatasi kwa heshima, akaikunja, akawashia moto wa makaa.

"Kwenye gari moja," akaniambia, "naweka kile naweza kulilia siku moja. Siku ya pili niende soko."

Mwezi wa tatu wa masika gari la Amisi lilikwama karibu na Rumangabo, barabara imefungwa kwa sababu ya mapigano, na mvua ikanyesha juu ya turubai lililotoboka. Amisi alikuwa kijana wa familia ya Kiislamu ya asili ya Maniema, dereva mwana wa dereva, mwenye utani hata wakati ambao haukumfaa. Siku kumi na tisa baadaye aliingia uani ameshika kofia mkononi, na ndani ya kofia kulikuwa na maharage yaliyoota mikia. Nilimwonea huruma. Mama aliyatazama, akasema Amisi apewe maji ya kunawa, na kwa wiki nzima tulikula maharage yenye mikia, ambayo yana utamu fulani kama mahindi mabichi. Katika siku zile kumi na tisa wanawake walikuja kuuliza kama lile gari limepotea, na kila mara alijibu neno moja: halijafika. Niligundua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyesema gari limepotea. Lililoungua lilikuwa halijafika. Lililoibiwa lilikuwa halijafika. Nilidhani ni ushirikina. Sasa nadhani lilikuwa neno la kumlinda dereva, ili siku akipata nguvu ya kurudi akute mlango bado uko wazi.

Amisi ndiye aliyenibandika jina la Madame Bourse, kwa kuwa bourse ndilo neno letu la soko la hisa, na kila alipoingia aliuliza kama leo tumekuwa matajiri ao bado. Nadhani ni utani wake uliomfanya Mama aanze kuniangalia kwa macho ya biashara. Jioni moja, tukiwa watatu, aliniuliza ile barabara yangu ya kwenye telefone inapita wapi. Nikaleta jedwali. Nilieleza kwa muda mrefu, nikaeleza rangi, nikaeleza kwamba bia ikianguka chai itasimama, na saruji ikilala simu zitalia. Amisi alikuwa ameacha kutafuna. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Siku mubaya ikikuja," akasema, "itaikuta yote pahali pamoja?"

"Hapana, Mama. Ni makampuni kumi na mbili. Kila moja inauzisha kitu yake."

"Sikuulize inauzisha nini. Nakuuliza inapitia wapi."

Nilimjibu kwamba inapita Nairobi, kwenye soko lenye sheria, na ndani ya moyo wangu nilicheka, kwa upole, kama mtu anavyomchekea mzazi anayeishika simu kichwa chini. Wiki iliyofuata aliniita chumbani kwake, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kuingia. Palikuwa na kitanda, picha ya Bikira Maria, na magunia matupu yaliyokunjwa kama nguo za kanisani. Alinipa pesa iliyofungwa ndani ya kitambaa: robo moja ya mtaji wake, sawa na mzigo wa gari moja. Alikuwa anakusanya ili anunue kibanda sokoni, apumzishe magoti, aache kupanda juu ya magari kuhesabu magunia. Robo tatu zingeenda kwa magari kama kawaida. Robo ya nne ingepita kwangu. Hakuna karatasi tuliyoandika. Alisema tu, beba.

Nilivyoibeba ndivyo nilivyoiharibu. Pesa yangu nilikuwa nimeweza kuiacha itulie walau wiki mbili. Ya Mama haikuniacha nilale. Kila Jumatatu nilipima zile sehemu kumi na mbili, na ikiwa moja imezidi wenzake kidogo niliipunguza nikaongeza iliyopungua, ili zilingane. Kila nilipouza na kununua dalali alikata chake. Nilijua. Niliendelea. Nilinunua mega za intaneti ya simu kwa pesa ya chakula ili niangalie bei zilizokuwa hazijabadilika tangu asubuhi, nikaziangalia tena nikiwa kwenye foleni ya maji, na mara moja, nisamehewe, nikiwa kanisani wakati wa sadaka. Amisi alinikuta nimeinamia simu karibu na sufuria iliyokuwa inaungua.

"Dada, kuku mwenye kuinuliwa kila saa hatotoi," akasema, akaiepua sufuria mwenyewe.

Kisha vita vikafika mjini. Sitasimulia siku zile. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo nisingetaka wajue kwa mkono wangu. Tulilala chini kwenye ukumbi wa nyumba ya Mama, mbali na madirisha, watu kumi na mmoja, tukala unga uliokorogwa kwa maji baridi. Hata pale sakafuni niliwaza zile kampuni kumi na mbili, na nilipata faraja isiyo na haya: ziko Nairobi, hazisikii milio hii. Na kweli hazikusikia. Tulipotoka nje na mtandao ukarudi, zilikuwepo zote na rangi zake, hakuna iliyoanguka. Kilichoanguka kilikuwa upande wangu. Benki za Goma zilikuwa zimefunga milango, na hakuna aliyejua zitafungua lini. Ofisi ya Himbi ilikuwa tupu, geti limefungwa kwa mnyororo, na mshahara wangu umeondoka na waliokuwa wanaulipa. Nilimwandikia dalali nikiomba sehemu ya pesa. Alijibu kwa adabu kwamba wao hulipa kwenye akaunti yenye jina la mteja, ile aliyoiandika kwenye fomu, na kubadilisha akaunti kunahitaji karatasi za benki na sahihi zilizothibitishwa. Akaniuliza kama nilijaza sehemu ya pili.

Nilikaa juu ya kitanda nikalitazama lile jedwali zuri. Nilikuwa nimetawanya pesa kwa mtu atengenezaye bia na mtu auzaye chai, kwa umakini ambao hata mwalimu angenisifu, na yote ikapita kwenye mlango mmoja wa benki moja, kwenye barabara ileile niliyopita kwenda kazini, katika mji uleule uliokuwa na kazi yangu, chumba changu na kila mtu ambaye angeweza kunikopesha. Mama alikuwa ameniuliza jambo hilo kwa maneno machache huku anakula.

Hapo bado nilikuwa na uwezo wa kungoja. Hisa hazikuwa na tatizo. Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Lakini sikuvumilia kuona kitu nisichoweza kukigusa, na asubuhi moja niliuza zote kumi na mbili, katika wiki ambayo soko lilikuwa limeshuka kidogo. Hata sasa sielewi nilidhani naokoa nini, maana pesa ilibaki kulekule kwa dalali, ila sasa imepungua. Miezi miwili baadaye bei zilipanda zikapita pale zilipokuwa mwanzoni. Niliziangalia kila siku zikipanda bila mimi.

Mama aliuliza mara moja tu. Alikuwa anapima maharage kwa kikombe, kwa sababu kati ya magari yake matatu moja liliungua, moja lilikwama Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, na moja liliingia Goma juma lilelile chakula kilipokuwa adimu. Na hilo moja lilitulisha uani wote na majirani, wengine kwa pesa na wengine kwa ahadi. Hakuwa ameanguka. Kununua kibanda tu ndiko kulikoahirishwa.

"Na gari yetu ya telefone?" akauliza, bila kuinua macho.

"Haijafika, Mama," nikamjibu.

Ndilo neno lake nililolitumia. Nililichukua kutoka kinywani mwake, neno la kuwalinda madereva, nikalifanya pazia. Yeye aliitikia kwa kichwa na kuendelea kupima.

Baadaye nilivuka kwenda Gisenyi kufundisha hesabu watoto wa familia mbili, nikafungua akaunti kule, na baada ya karatasi nyingi pesa ilitoka. Ningeweza kumpelekea jioni ileile. Ni mwendo wa miguu. Lakini ilikuwa imepungua karibu sehemu moja kati ya nne, na mimi nilitaka nimpelekee kamili, katika kitambaa kilekile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaamua kujaza pengo kwa mshahara wa masomo, mwezi kwa mwezi. Nilimtembelea, nikabeba mkate, nikala bugali yake, nikamwangalia akiinuka kwa kushika ukuta ili aende mwenyewe kuhesabu magunia yake juu ya magari, na nikanyamaza. Sikuchukua hata noti moja. Nataka hilo lijulikane, ingawa sijui linanisaidia nini. Pengo lilikuwa limebaki dogo, labda la miezi minne, Masika aliponipigia simu asubuhi moja na sauti yake ikaniambia kabla ya maneno.

Pale chini ya turubai, kabla ya msemaji kusimama, Amisi alivuka ua akaja kukaa kiti cha jirani yangu. Amenenepa kidogo, ana mtoto sasa. Aliutazama mkoba. Alisema mwezi uliopita alimleta Mama kutoka kwenye maegesho ya magari, akamuuliza kwa utani kama ile robo ya Madame Bourse amekwisha kuililia.

"Alisema nini?"

"Alisema ile alililia siku ileile alikupatia. Ni kawaida yake, unajua. Akasema sasa anangojeaka wewe tu."

Nilitaka kumuuliza alilisema kwa sauti gani, alikuwa amekasirika au alicheka, lakini msemaji alikuwa amesimama. Alikuwa kaka mdogo wa marehemu, mzee mwembamba mwenye koti kubwa. Alishukuru kwaya, akashukuru majirani, kisha akauliza mizigo ya Mama Katungu iliyo njiani iko kwa nani. Mwanamke mmoja alisimama kwenye mkeka akasema yeye ana magunia matatu ya maharage yaliyobaki Kasindi. Mwingine akasema ana deni la mafuta la tangu Pasaka. Amisi akasimama, akasema ana pipa moja la mawese, litafika Alhamisi, akaketi, na hakunitazama. Hakuna mwingine aliyesimama. Nilihesabu moyoni miezi minne. Nilifikiri jinsi bahasha ingekuwa nzuri baada ya miezi minne. Msemaji alikuwa anavuta pumzi ili afunge.

Nilisimama. Mkoba ulianguka, nikauokota, na nikasikia wanawake wakigeuka.

"Kuna moja iko kwangu, papa," nikasema. "Alinipa mwenyewe, chumbani kwake. Nilimwambia haijafika. Ilikuwa imefika. Nilikuwa nangoja ijae."

Masika aliinua kichwa. Mzee alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya gari.

"Ni kamili?"

"Hapana. Ni pungufu."

"Hakuna gari inafikaka kamili, mama," akasema. "Leta."

Nilipita katikati ya mikeka nikampa bahasha. Hakuifungua. Alimkabidhi Masika, Masika akaitia kwenye kitenge kiunoni pamoja na vingine alivyopokea, na mzee akageukia watu.

"Mwingine," akasema.